Kwa Nini Sikukushonea Mifuko ya Baiskeli

Kendi mwanangu,

Umetoka kwenda stendi kumpokea Makena, mwenzako wa safari, na kabla hamjarudi na vicheko vyenu nimeketi kukuandikia. Baiskeli yako iko hapa sebuleni, imeegemea kabati la vyombo, na mifuko yake ya kijani imening'inia pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Mwalimu wetu wa Kiswahili kule Gakindu alitufundisha kwamba mfuko wa pande mbili anaobebeshwa punda unaitwa shogi. Tulicheka darasa zima, kwa sababu punda wa Gakindu walivuta mikokoteni na hatukuwahi kumwona aliyevalishwa mfuko. Leo ndiyo namwelewa mwalimu.

Sitakuandikia habari ya kula vizuri, wala ya kupiga simu, wala ya kulala mahali penye watu. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Mjomba wako naye amesema ya kwake, ati hajawahi kuona mtu anayeenda kazini kwa baiskeli na kazi yenyewe iko Zambia. Nilicheka naye. Lakini kuna jambo ambalo nimelinyamazia tangu siku ile ya mifuko, na najua limekukaa moyoni.

Ulikuja kibandani kwangu na simu mkononi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti juu ya turubai la lori, natafuta lilipochanika. Ukasema, "Mum, nichagulie. Hii iko na mifuko mingi na zipu kila mahali. Hii ingine ni ya jamaa wa Nanyuki, imetumika, haina hata mfuko moja wa nje."

Nikaweka mkasi chini nikakwambia, "Ya nini kununua? Turubai ndiyo hii. Nitakushonea."

Ukasema kwa upole, ule upole wa baba yako unaouma kuliko ukali, "Hapana, Mum. Wacha tu tununue."

Nilirudi kwenye turubai la watu. Jioni ulinipikia chai bila kuombwa, ukaitia tangawizi nyingi kama mtu anayeomba radhi, nami nikainywa bila neno. Ulidhani nimekasirika kwamba binti wa fundi wa maturubai amekataa kazi ya mama yake. Kendi, sikukasirika. Uliposema vile nilikuwa nimerudi Kianyaga kwa mawazo, na kutoka huko huwa nachelewa kurudi.

Wewe baba yako ulimjua akiwa na duka la picha hapa Nyeri, mtu wa kuvaa koti hata jua likiwaka. Nilipoolewa naye hakuwa na duka. Alikuwa na kamera na baiskeli nyeusi, nzito, na siku za soko alizunguka miji ya mlima huu akiwapiga watu picha: Karatina, Kerugoya, Kianyaga, Embu, mara moja moja mpaka kwao Nkubu. Wakati huo picha haikuonekana papo hapo. Alipiga, akaileta filamu mjini isafishwe, halafu baada ya wiki kadhaa akarudi kumpa kila mtu yake. Wengi walidai wapewe na filamu yenyewe, kwa hofu kwamba sura zao zingeuzwa mahali. Kwa hiyo picha na filamu vilisafiri pamoja, kando ya gurudumu lake, ndani ya mfuko niliomshonea mimi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimejifunza turubai. Aliyenifundisha ni Mzee Jayanti, Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa na maturubai hapa mjini, ambaye alinipa vipande vilivyobaki nifanyie mazoezi. Nilikata mfuko wa pande mbili wenye kifuniko na mikanda, na kila mshono nikaupitisha mara mbili kwa sindano nene na uzi wa viatu. Nilijivuna. Nikampelekea Mzee Jayanti auone. Aliugeuza, akaupapasa chini, akasema, "Kazi ni nzuri. Lakini mshono umeweka wapi? Chini. Na maji hupenda chini." Nilidhani ananitafutia kosa kwa sababu ya ujana wangu. Nilikuwa ninampenda mume wangu, nilikuwa nimemshonea kitu kwa mikono yangu, na sikutaka kusikia habari ya maji. Baba yako alitembea na mfuko ule muda mrefu, manyunyu yakamwagikia juu yake yakateleza, nami nikaamini.

Siku moja ya soko, kule Kianyaga, mama mmoja mchuma chai alimleta mwanawe apigwe picha. Mtoto aliitwa Muriithi. Hakuwa ameanza shule. Alikuwa amenunuliwa sweta mpya ya buluu na mama yake alitaka sweta ipigwe ingali mpya. Baba yako akampiga picha, akaandika jina, akaendelea na wengine.

Picha zilipokuwa tayari akaanza kuzirudisha. Alipofika Kutus akaingia hotelini kunywa chai, na mwanamke aliyekuwa anahudumia akamtazama sana.

"Si wewe ni yule wa picha?" akamuuliza. "Unamkumbuka Muriithi wa Kianyaga? Alikufa. Alishikwa na homa tu hivyo, ghafla. Na mama yake hana picha ingine ya huyo mtoto. Anakungoja wewe."

Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba. Watu wa hoteli walimwambia angoje mvua ipite, na siku nyingine yoyote angengoja, kwa maana kamera ilimfanya awe mwoga wa mvua. Lakini alikuwa amesikia kwamba anangojwa. Alifunga mikanda ya mfuko akaondoka.

Mvua ilimkuta njiani. Ile iliyotoka juu, kifuniko kiliizuia vizuri. Lakini gurudumu lilikuwa linarusha maji kutoka chini, na kila gari lililopita lilimwogesha kwa pembeni, na chini ndiko mshono wangu ulikokuwa. Sindano nene huacha tundu nene. Nilishona mara mbili nikidhani naongeza nguvu, na nguvu kweli niliiongeza, ila niliongeza na matundu. Halafu lile turubai zito lililokataa kuingiza maji likakataa pia kuyatoa. Alipofungua mfuko kwenye baraza ya duka pale Kianyaga, picha zilikuwa zimelala ndani ya maji. Alipojaribu kuzitenganisha, rangi ilibaki kwenye vidole vyake. Filamu nazo ziligandana, akazivuta zikachunika. Kwenye picha ya Muriithi kilibaki kipande cha sweta, na ukosi, na juu yake, mahali pa uso, weupe mtupu.

Hakwenda kwa yule mama. Alishindwa. Aligeuza baiskeli akarudi nyumbani, wakati huo tukikaa Gakindu, na alipoingia alisema tu, "Maji iliingia." Hakusema yaliingilia wapi. Mpaka anakufa hakuwahi kusema.

Alipokwenda kuoga nilichukua mfuko nikautundika kwenye kamba ya nguo, nikaujaza maji. Matone yakaanza kutoka kwa mstari mnyoofu, moja kwa kila tundu, yamepangika vizuri sana, kama nilivyoshona.

Nikamwambia, "Tutaenda kwake sisi wawili. Mfuko ni wangu."

"Tutamwambia nini?"

"Sijui. Lakini hatuwezi kumwacha akingoja."

Tuliipandisha baiskeli juu ya gari mpaka Kutus, na kutoka hapo akanibeba kwenye keria. Kendi, nitakuambia jambo ambalo halifai kusemwa juu ya siku ya huzuni. Nilikuwa na furaha. Sikuwahi kusafiri kwa baiskeli kabla ya siku hiyo, wala sikusafiri tena baada yake. Mvua ilikuwa imeisha, mlima umetoka wote mpaka kwenye theluji, na harufu ya kahawa iliyolowekwa ilikuwa inatujia kutoka viwandani. Kwenye vilima alishuka akasukuma nami nikashuka, tukatembea huku tumeshika usukani pande mbili kama tunaongoza ng'ombe. Kwenye miteremko nilimshika koti na upepo ukanitoa machozi. Nilitamani Kianyaga isogee mbele, tusifike. Nikaona aibu kutamani hivyo, na bado nikatamani. Siku uliyoniambia utakwenda kwa baiskeli, watu wote walikuuliza kwa nini. Mimi sikukuuliza, kwa sababu hiyo.

Mama Muriithi alikuwa anaanika maharagwe. Alikuwa mwanamke mrefu, kijana bado, amefunga kitambaa kichwani. Alipomwona baba yako aliyaacha maharagwe akasimama wima, akajipangusa mikono kwenye leso, akainyoosha yote miwili kupokea.

Nikasema mimi. "Mama, picha iliharibika. Ilinyeshewa. Begi ni mimi nilishona na ilipitisha maji."

Mikono yake ilibaki hewani. Baba yako akamwekea ile karatasi. Aliigeuza upande huu na ule, akaupapasa ule weupe kwa kidole, polepole, kama mtu anayetafuta uvimbe. Nilingoja alie au atufukuze, na lolote katika hayo ningeshukuru.

Akamwambia baba yako, "Hata wewe ulimwangalia. Ulimwangalia vizuri na hiyo kamera. Alikuwa anakaa aje?"

"Mama, ni siku mingi."

"Niambie tu. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nikiongea na watu. Sikumwona. Ni wewe ulimwona."

Basi baba yako akakaa kwenye kigoda, akafumba macho. Akasema Muriithi alisimama miguu imepishana kidogo. Kwamba sweta ilikuwa kubwa na alikuwa amekunja mikono ya sweta. Kwamba aliambiwa acheke akakataa, akabana midomo hivi. Halafu akasema, "Na alikuwa anaficha ndizi nyuma yake. Nilimwambia aiweke chini nimpige vizuri, akakataa. Nikampiga hivyo tu, na ndizi yake nyuma."

"Ndizi?"

"Ndiyo. Ilikuwa nusu. Alikuwa ameanza kukula."

Mama Muriithi akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akajipiga paja. "Ati ndizi. Nilikuwa nimemkataza. Nilimwambia asikule mpaka tufike nyumbani. Kumbe alikuwa nayo." Akaniangalia mimi. "Kumbe aliitoa kwa kikapu."

Alitupikia chai. Hakutuambia ametusamehe, nasi hatukuuliza. Tulipoondoka alimwambia baba yako, "Ukipita huku tena, kuja."

Naye akawa anapita. Kila alipofika Kianyaga alienda kwake, hata baada ya kufungua duka mjini alitafuta sababu ya kwenda, na kila mara mama huyo alimwomba amweleze tena. Miguu imepishana, mikono imekunjwa, midomo imebanwa, ndizi nyuma. Nilijua hivyo, na nilidhani ninajua yote. Halafu mwaka ule wa ugonjwa wa baba yako, asubuhi moja tukiota jua hapa nje, aliniambia, "Wangari, yule mtoto simkumbuki tena. Zamani nilikuwa namwona. Sasa nakumbuka tu maneno yangu. Wakati mwingine naogopa ndizi ilikuwa ya mtoto mwingine."

Nikamuuliza kama amemwambia Mama Muriithi.

"Nitamwambia aje?" akasema. "Ataachwa na nini?"

Nilimfunika miguu tu.

Siku ya mazishi uliniuliza yule mama mrefu aliyekaa nami mpaka watu wakaisha ni nani. Nikakujibu ni mteja wa baba. Alikuwa Mama Muriithi. Alipoona kila mtu amekwenda, alisogeza kiti chake akaanza kuniambia habari za mume wangu. Jinsi alivyokuwa akiingia kwake, akigonga kengele ya baiskeli kutoka barabarani ili kuku watawanyike. Jinsi alivyokataa sukari kwenye chai, na mimi nyumbani nilimjua kwa sukari nyingi. Jinsi alivyomwambia siku moja kwamba amepata msichana, amemwita Kendi, na kwamba anaogopa kumpiga picha, asije akamzoea kwenye karatasi akaacha kumtazama. Sikuyajua hayo. Ndiyo maana una picha chache za utotoni kuliko watoto wa majirani wasiokuwa na baba mpiga picha. Ulikuwa ukilalamika.

Ningekwambia siku ile ile. Badala yake nikafunga mdomo. Nilidhani nikiyafunga vizuri hayatakufikia, wewe ulikuwa na mitihani, nami nilikuwa na maturubai ya kushona. Kila uliponiuliza habari za baba yako nilikutuma ukachote maji au ukasome. Ulikua ndani ya nyumba kavu sana, mwanangu, na nadhani ulisikia baridi yake. Hilo linanisumbua kuliko mshono.

Ndiyo sababu sikukushonea. Uliposema tununue nilishukuru, ila shukrani niliimeza pamoja na ile chai ya tangawizi, ikaonekana kama hasira.

Tulipokwenda Nanyuki kuiona mifuko ya yule jamaa, nilikuona unavyoniangalia, ukingoja niitafutie makosa. Ilikuwa imepauka kwa jua na ilikuwa na kiraka. Ile ya zipu ilikuwa nzuri zaidi, nakubali, ila kila zipu ni mlango na mvua haina haya, haibishi hodi. Hii haikuwa na mlango. Unakunja mdomo wake, unakunja tena, unabana. Kiraka kilikuwa cha gundi, hakikushonwa. Kulabu zake ziliuma keria zikatulia, hazikugongagonga. Nikapitisha kidole chini nikitafuta mshono, pande zote, na sikuupata. Vipande vilikuwa vimeunganishwa kwa moto mpaka vikawa kitu kimoja. Niliujaza magazeti, nikauweka chini ya mfereji wa yule jamaa, na tulipoufungua magazeti yalikuwa makavu, unaweza kuyasoma. Wewe ulipiga makofi. Mimi niligeuka nikajifanya natazama mlima. Nilikuwa nafikiri kwamba kitu hiki kipo duniani, sasa kinauzwa uani kwa mtu, na mwanamke mmoja Kianyaga alinyoosha mikono yake yote miwili.

Nakuomba jambo moja tu juu ya mifuko hiyo, na si la kila siku. Iliyokataa maji yasiingie itakataa pia yasitoke. Usiweke kitu kibichi ndani ukakunja mdomo ukasahau. Ukilia huko njiani, na utalia, lia mbele ya Makena. Mwambie kinachokuliza. Usinifuate mimi katika hilo.

Nami nimeanza kujifunza. Jana nilimpigia Mama Muriithi nikamwambia unaondoka. Siku hizi magoti yanamsumbua, hachumi chai tena. Aliuliza utapitia wapi, nikamtajia, Namanga, Arusha, Iringa, mpaka ziwa la Malawi, ndipo Zambia, naye akayarudia majina moja moja kama mtu anayeonja chakula kigeni. Halafu akasema niende nikae naye wiki moja. Nitaenda. Nitafunga kibanda, malori yangoje.

Hii nyumba yetu ya mtaa wa Skuta itakuwa kimya. Sitakudanganya kwamba nimejiandaa. Tangu juzi nakusikiliza ukitembea chumbani kwako, ukidondosha vitu, ukiimba vibaya, na nimeacha kazi nyingi nusu kwa ajili ya kusikiliza. Sikutaka uahirishe safari. Nilitaka tu nijue sauti yako mahali inapoishia kwenye ukuta.

Kesho nitawasindikiza mpaka barabara kubwa, pale mnapoanza kuteremka kuelekea Karatina. Tutaagana hapo kwa haraka. Baiskeli yenye mizigo huyumba mtu akigeuza shingo, na malori ya asubuhi hayana subira. Kwa hiyo ukishapanda, usigeuke kunitafuta. Angalia mbele na uendeshe. Mimi nitakuwa nimesimama pale pale, na nitakaa kidogo hata nikiwa sikuoni tena.

Mama yako,
Wangari